Moto Usiofuka

Kijana wa maabara ananiita mama, anatafuta mshipa.
Namwambia, mwanangu, nimeshona miaka thelathini na moja
barazani pale Kiusa,
sindano ilinijua kabla hujazaliwa.
Anacheka kidogo. Chuma kinaingia.
Chupa ya kifuniko cha zambarau, ya kijivu, ya njano,
kama vifungo vya gauni la kipaimara.
Damu yangu ni nyeusi kuliko nilivyodhani,
au labda ni njaa, sijanywa hata chai.

Sukari naijua. Mwaka wa kumi na mbili huu naishi nayo
kama mkamwana asiyeosha sufuria:
leo unamsema, kesho mnakula naye.
Mbege nimeacha (karibu yote).
Ndizi nazihesabu. Mtori naunusa kwa jirani.
Nilidhani deni langu ni hilo tu.

Lakini Daktari Nakijwa ameigeuza karatasi
akaweka kalamu mahali ambapo sukari haipo.
Hapa ni mafuta, anasema,
lehemu mbaya imepanda, ile nzuri imeshuka,
na hapa chini kuna protini, ini huitoa
mwili ukiwa na kidonda. Yako iko juu.
Jino linauma? Haliumi. Mafua? Sina.
Anainama kuitazama miguu yangu, kucha kwa kucha.
Mizima.
Basi huenda ni mishipa, mama. Huenda kuta zake
zinaungua polepole.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto.
Hawakusema neno juu ya moto usiofuka.
Nami nimezeeka katika mji uitwao Moshi
na sijawahi kunusa kitu.

Nimekumbuka mfongo wa kwetu Mbokomu,
baba akitutoa kitandani Jumamosi twende kuzoa tope.
Maji yalikuwa bado yanapita! Tulinung'unika, mimi na Anansia:
si yanapita?
Baba hakujibu. Alichomeka fimbo hadi chini,
akatuonyesha alama ya mwaka jana, akatuonyesha ya leo,
vidole vitatu vya udongo
ambavyo hakuna aliyeviona vikija.

Anansia alikufa akichambua maharage.
Asubuhi alisema taya linamvuta, na kichefuchefu,
tukamchemshia tangawizi.
Moyo wa shemeji ulipougua ulimwangusha kanisani, mbele za watu,
akabebwa, akapona.
Wa dada ulisema tu, nimechoka,
nasi tukaujibu: nani hajachoka?
Naye alikuwa na sukari. Naye alimeza dawa zake kwa saa.
Hakuna aliyechomeka fimbo.

Namuuliza daktari, namba hizi ndizo kifo changu?
Hapana. Wala si ahadi. Ni alama.
Wapo wenye namba mbaya wanaowazika wenye nzuri.
Ila mwanamke mwenye sukari, anasema,
moyo humdai mapema, na wengi
hawaletewi hata hati ya madai.

Nimetoka na kidonge kipya cha usiku,
na amri ya kutembea hadi nitoke jasho,
na tarehe ya kurudi.
Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale,
umelifunga fundo, naye hawezi kukataa.
Ningeujua mlango wa moyo ningelipeleka jioni hii.
Basi nawapungia mkono vijana wa bodaboda, leo siwahitaji,
natembea nikihesabu nguzo za umeme.
Ya tisa nasimama. Nashika ukuta wa duka la vitambaa,
najifanya naangalia kitenge.

Kesho nitampigia Manka, binti wa Anansia.
Ana arobaini na moja. Sukari walimkuta nayo akiwa mjamzito,
alipojifungua wakasema imeondoka,
na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.
Sitamwambia aogope. Nitamwambia
pale maabara kuna kijana, mkono wake mwepesi.
Usinywe chai. Na umwambie
asiisahau ile chupa ya njano.